Modeli inasema sifuri, lambo linasema vingine: data ya mvua ya gridi na dawa za shambani

Swali:

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni afisa ugani huku Urambo, na pia namalizia shahada ya pili. Kuna lambo la kijiji, watu wanachota, ng'ombe wanakunywa, na kwa juu yake kuna kama hekta 10 za tumbaku na mahindi, wanapiga imidacloprid na wengine lambda-cyhalothrin kwa ajili ya viwavijeshi. Nataka kujua dawa inayofika kwenye lambo ni kiasi gani. Kituo cha hali ya hewa kiko Tabora mjini, karibu kilomita 90, kwa hiyo nikachukua data ya gridi ya ERA5-Land ya kilomita 9, nikaiingiza kwenye PWC, ile programu ya bure ya kukadiria dawa inayofika kwenye maji, ya EPA, shirika la mazingira la Marekani, na msimu uliopita umenipa karibu sifuri. Tatizo ni kwamba Disemba walipiga dawa tarehe 8, ikaja mvua kubwa, na tarehe 13 samaki wakaonekana wanaelea. Kipima mvua cha AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, karani anasoma kila asubuhi, tarehe 12 kimeandikwa milimita 58. Data yangu inasema tarehe 10 milimita 4, tarehe 11 milimita 9, tarehe 12 milimita 6. Msimamizi wangu anasema gridi ndo kiwango cha kimataifa na jumla yake ya mwaka inakaribiana kabisa na ya Tabora. Je nitafute gridi ndogo zaidi? Au programu ndo haifai mazingira yetu? Na naweza kuwaambia wanakijiji maji ni salama?"

Jibu:

Marahaba mdogo wangu. Naanza na swali lako la mwisho manake ndo lenye watu ndani: hapana, usiwaambie maji ni salama, angalau sio kwa kutegemea hiyo sifuri. Hiyo sifuri haijatoka kwenye dawa wala kwenye lambo, imetoka kwenye mvua uliyoilisha programu, na nitakuonyesha kwa kalamu na karatasi tu, laptopu iache ichaji.

Kwanza tuelewane hiyo data ni kitu gani. Mtu akiona ramani imegawanywa vipande vipande na kila kipande kina namba yake, akili inamwambia kuna mtambo umepima pale. Hakuna. ERA5 inatengenezwa na ECMWF, kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa. Wanachukua vipimo vya satelaiti, maputo, ndege, meli na vituo vya ardhini, wanavirudisha kwenye modeli yao ya utabiri, halafu wanaipiga upya historia ya hewa ya dunia saa kwa saa kuanzia 1940. Kwa joto, mgandamizo wa hewa, unyevu na upepo wa juu ni kazi nzuri mno, sina ugomvi nayo. Mvua ndo habari nyingine. Kwa huku kwetu mvua ya ERA5 haijatoka kwenye kipima mvua chochote, ni mvua ambayo modeli imekokotoa kwamba hewa ya siku ile ingeinyesha kwenye kipande cha kama kilomita 31 kwa 31, karibu kilomita za mraba 1,000. Sasa wewe uko Urambo, wingu la radi la Disemba unalijua, linamwaga kwenye mashamba ya upande wa shule hadi matuta yanabomoka, na upande wa zahanati watu wanapalilia vumbi linatimka. Modeli haioni mawingu ya ukubwa huo mojamoja, inakadiria athari yao kwa jumla na kuitandaza kipande kizima.

Halafu kuna hiyo kilomita 9, na hapo ndo wengi wanaingia mkenge. ERA5-Land ina vipande vidogo kweli, inaanza 1950, na joto lake limesahihishwa kwa kuangalia mwinuko wa kila kipande, hilo zuri. Lakini mvua yake ni ileile ya ERA5 ya kilomita 31 imelainishwa tu ikae kwenye vipande vya kilomita 9. Hakuna habari mpya ya mvua imeongezeka pale katikati. Ni sawa na kuchukua picha ya pasipoti ukaikuza iwe bango la barabarani, bango litakuwa kubwa ila sura haitaongezeka uwazi. Kwa hiyo swali lako la "nitafute gridi ndogo zaidi" jibu lake ni kwamba udogo wa kipande peke yake haukuambii kitu, uliza kwanza mvua ya kwenye kipande imetoka wapi.

Sasa tuje kwenye hesabu. Ndani ya PWC maji yanayotiririka juu ya ardhi yanakokotolewa kwa njia ya zamani ya Wamarekani ya namba moja inaitwa CN, inayobeba aina ya udongo, zao na namna ya kulima. Tuchukue 80, ambayo sio namba ya ajabu kwa shamba la mistari lenye udongo wa kati. Unapata uwezo wa ardhi kushika maji, S, kwa kuchukua 25400 ugawe kwa 80 kisha utoe 254, inakuja milimita 63.5. Halafu kanuni inasema asilimia 20 ya hiyo S, yaani milimita 12.7, inamezwa kwanza kabla tone moja halijaanza kukimbia. Programu yenyewe inaisogeza CN kidogo kutegemea ardhi ilikuwa na unyevu kiasi gani, lakini picha ni hiyohiyo.

Angalia namba zako: 4, 9, 6. Zote tatu ziko chini ya 12.7. Kwa hiyo tarehe 10 sifuri, tarehe 11 sifuri, tarehe 12 sifuri, programu imefanya ilichoambiwa. Hata ukizijumlisha zote tatu ukajifanya zimenyesha siku moja, milimita 19, unapata mtiririko wa milimita 0.6 tu. Sasa weka 58 ya kwenye daftari la karani: 58 toa 12.7 ni 45.3, izidishe yenyewe kwa yenyewe, gawa kwa jumla ya 58 na 50.8 (hiyo ni asilimia 80 ya S), unapata milimita 18.9. Kwa hekta 10 hizo ni kama meta za ujazo 1,900 za maji yenye tope yameshuka kwenye lambo lako jioni moja. Siku tatu baada ya kupiga dawa. Kwa hiyo programu usiilaumu, na wala usiseme haifai mazingira yetu, hapo imedanganywa tu.

Na hiyo ndo sababu hoja ya msimamizi wako kuhusu jumla ya mwaka, kwa heshima zote, haisaidii kwenye kazi hii. Jumla ya mwaka ingekuwa na maana kama unakadiria maji ya kisima au mavuno. Dawa haisafiri kwa jumla ya mwaka. Sehemu kubwa ya dawa inayoondoka shambani kwa mwaka mzima mara nyingi inaondoka na mvua moja au mbili kubwa zinazokuja siku chache au wiki chache baada ya kupiga, wakati dawa bado iko juujuu kwenye majani na kwenye sentimita mbili za kwanza za udongo. Mvua ya mwezi wa tatu hata iwe milimita 80 inakuta nyingi imeshavunjika au imeshazama. Sasa modeli za aina ya ERA5 zina tabia moja inajulikana sana, zinanyesha manyunyu mengi kwenye siku nyingi na kupunguza zile mvua kali. Jumla inakaa sawa kabisa huku mgawanyo umeharibika. Fanya jaribio hili kesho: chukua miaka ya kituo cha Tabora na ya gridi pale pale Tabora, hesabu siku zilizozidi milimita 1, halafu siku zilizozidi 20, halafu zilizozidi 40. Utaona gridi ina siku za mvua nyingi kuliko kituo na za 40 chache, wakati jumla zinapeana mikono. Jedwali hilo moja litamaliza ubishi na msimamizi bila kelele.

Kulainisha huko kuna madhara hata kama gridi haijakosea wastani. Chukulia robo ya kipande imepata milimita 60 na robo tatu hazikupata kitu. Wastani wa kweli ni 15, na gridi iliyo sahihi kabisa itaandika 15. Ukikokotoa kwa 15 unapata mtiririko wa milimita 0.08, yaani hakuna. Lakini ile robo iliyolowa ilitoa milimita 20, ukizitandaza kipande kizima ni 5. Umeona? Namba ya mvua ni sahihi, jibu la mtiririko limekosewa zaidi ya mara 60, kwa sababu kanuni sio ya mstari ulionyooka.

Kuhusu "kiwango cha kimataifa", ni kweli na sio kweli. EPA zamani walitumia vituo, vingi vya viwanja vya ndege, miaka ya 1961 hadi 1990. Siku hizi faili zao za Marekani ni za gridi ya nyuzi 0.25, ndiyo, lakini mvua ya kwenye hiyo gridi imetengenezwa kutokana na vipima mvua vya ardhini, na kwao vipima mvua viko kila kona. Gridi inakuwa na nguvu kwa kilichopo chini yake. Toka Tabora mpaka Kaliua hesabu mwenyewe vipima mvua unavyovifahamu vinavyosomwa kila siku.

Sasa nisikuache ukadhani gridi ni takataka, hapana, mimi mwenyewe naitumia kila wiki. Joto kwa mfano. PWC inachukulia kasi ya dawa kuoza kwenye udongo inaongezeka mara mbili joto likipanda nyuzi 10. Tuseme gridi imekosea nyuzi 1.5, ambalo ni kosa kubwa kwa uwanda wetu ulio tambarare. Dawa iliyokuwa inapungua nusu kwa siku 30 itapungua kwa siku 27. Basi. Linganisha na mvua hapo juu, toka sifuri mpaka milimita 19. Kwa hiyo joto, mionzi ya jua, unyevu wa hewa, chukua kwenye ERA5-Land bila wasiwasi, na upepo pia kwa ajili ya kukokotoa uvukizi. Ila uvukizi wenyewe usichukue ile safu yao inayoitwa uvukizi tarajiwa, ina mambo yake na mara nyingi inakuja kubwa kupita kiasi, kokotoa mwenyewe kwa njia ya FAO ya Penman-Monteith, na kumbuka upepo wa ERA5 ni wa urefu wa meta 10 wakati FAO wanataka wa meta 2, zidisha kwa 0.75.

Dawa kupeperushwa na upepo wakati wa kupiga, hiyo gridi haiwezi kukusaidia, tusipoteze muda. Inategemea dakika zile bomba liko mgongoni, nozeli gani, upepo wa pale kwenye mtaro. Funga utepe kwenye mti uangalie.

Mvua sasa, ufanyeje? Ningekuwa wewe ningeanza na kituo cha TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, cha Tabora mjini, hichohicho ulichokiacha kwa sababu kiko mbali. Najua inashangaza, kilomita 90, lakini fikiria unachotafuta ni nini. Ukitaka kujua tarehe 11 Disemba kijijini kwako ilinyesha ngapi, Tabora haitakuambia kitu. Ukitaka kujua kwa miaka 30 ni mara ngapi mvua ya zaidi ya milimita 40 inaangukia ndani ya wiki mbili baada ya watu kupiga dawa, Tabora itakuambia vizuri kuliko gridi, kwa sababu toka Tabora mpaka Urambo ni uwanda mmoja, meta 1,100 na kitu mpaka 1,200, msimu mmoja wa Novemba hadi Aprili, mawingu ya namna moja. Kituo kimeona ukali wa mvua halisi kwenye nukta moja, na shamba lako la hekta 10 ni nukta pia. Andika barua kupitia chuo uombe data ya kila siku, usiombe ya mwezi, wanafunzi wengi wanaletewa ya mwezi halafu wanakwama.

(Ungekuwa Kigoma ningekujibu tofauti. Ziwa liko meta 773, ukipanda kwenda Kasulu unaingia kwenye vilima, kipande kimoja cha gridi kinaweza kubeba maji ya ziwa, mwambao na mlima kwa pamoja, na upepo wa ziwani unaamua mambo mengi. Pale kituo cha mwaloni usikihamishie milimani hata kama ni kilomita 40 tu.)

Chaguo lingine ni CHIRPS, ya watu wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Barbara. Inaanza 1981, vipande vya kama kilomita 5.5, inasoma ubaridi wa vilele vya mawingu kwa satelaiti na kuchanganya na vituo vilivyopo. TAMSAT ya Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, ni ya Afrika hasa, inaanza 1983, kilomita kama 4. Zote mbili nazipenda kwa ukame na kwa kufuatilia msimu. Kwa dawa kuna kitu ukijue: CHIRPS msingi wake ni jumla ya siku tano tano, zile namba za kila siku zimegawanywa baadaye, na wewe umeshaona hapo juu kugawa mvua kunavyoua mtiririko. Kuna IMERG ya NASA pia, kila nusu saa, nyuzi 0.1, hiyo inakusaidia kujua kama mvua ilimwagika kwa saa moja au ilinyesha kutwa, lakini kiasi chenyewe usikiamini bila kukilinganisha na kipima mvua.

Chaguo la tatu ni kuisahihisha gridi. Unachukua siku zote za Disemba hadi Februari za gridi unazipanga toka ndogo mpaka kubwa, unazipanga za kituo vilevile, halafu siku ya juu kabisa ya gridi unaipa kiwango cha siku ya juu kabisa ya kituo, ya pili kwa ya pili, na kuendelea, na yale manyunyu ya ziada yanarudi sifuri. Ni njia nzuri, inarudisha ukali. Ila haisahihishi tarehe, siku ambayo gridi ilisema sifuri itabaki sifuri hata kama kijijini watu walikimbia na mabati. Na uitumie kwa eneo dogo kama la kwako tu, ukiipeleka bonde zima la Ugalla utakuwa umenyesha mvua ya milimita 60 Ugalla nzima kwa siku moja, jambo ambalo halitokei.

Kwa kazi yako mimi ningechanganya: mvua ya TMA Tabora miaka 30, vingine vyote ERA5-Land, na daftari la AMCOS kama shahidi. Kuchanganya kuna kasoro, utakuta siku ambayo kituo kimepata milimita 40 na gridi inaonyesha jua kali, uvukizi wa siku hiyo utakuwa wa uongo kidogo. Kwa mtiririko haitakuumiza sana. Iandike tu kwenye ripoti.

Kabla hujaendesha tena, angalia vitu vitatu ambavyo vinawaharibia watu kazi kimyakimya. Cha kwanza tarehe. Karani anasoma asubuhi, kwa hiyo 58 aliyoiandika tarehe 12 ilinyesha tarehe 11 jioni au usiku wake, na siku ya ERA5 inahesabiwa kwa saa za UTC, zile za Greenwich, yaani kwetu inaanza saa tisa usiku. Wewe ulikuwa unalinganisha 58 na 6, ulipaswa kulinganisha na 9. Haibadilishi hadithi kwako, lakini kwa dawa inayooza haraka juu ya majani, siku moja ina maana yake. Cha pili, mvua ya ERA5-Land ni limbikizo, inajikusanya toka saa sita usiku ya UTC, ile ya saa ishirini na nne ndo jumla ya siku nzima. Kuna watu wanajumlisha saa zote 24 wanapata Tabora yenye mvua ya kuzidi Bukoba mara kadhaa. Wewe naona ulikwepa. Cha tatu vipimo: ERA5 mvua ni meta, joto Kelvin, mionzi joule kwa meta ya mraba, wakati faili la PWC linataka mvua na uvukizi kwa sentimita, joto Selsiasi, upepo sentimita kwa sekunde, mionzi kwa Langley, ambapo Langley moja ni joule 41,840. Ukikosea sentimita na milimita programu haitalalamika, itakupa jibu zuri tu la uongo.

Halafu usiendeshe msimu mmoja. Msimu mmoja ni bahati nasibu, ungepiga tarehe 13 badala ya 8 hadithi ingekuwa nyingine. Endesha miaka 30 yote, na tarehe ya kupiga isogeze, tuseme kuanzia Novemba 25 hadi Januari 5, kwa sababu wakulima hawapigi siku moja. Utapata mgawanyo, na kutoka hapo unatoa kiwango kinachofikiwa mara moja kila miaka 10, ambacho ndo EPA wanakitumia. Ripoti hicho, usiripoti Disemba 11.

Na lambo lirekebishe. Lile la mfano la EPA ni hekta 1, kina meta 2, meta za ujazo 20,000, linapokea maji ya hekta 10, na linabaki limejaa. La kwenu Disemba mwanzoni limetoka kwenye kiangazi, ng'ombe wamelinywa, pengine limebaki robo. Chukua mfano wa gramu 100 za kiini cha dawa kwa hekta, hekta 10 ni kilo 1, asilimia 1 tu ikishuka na maji ni gramu 10. Kwenye meta za ujazo 20,000 hiyo ni mikrogramu 0.5 kwa lita, kwenye 5,000 ni mikrogramu 2. Kigezo cha EPA cha imidacloprid kwa viumbe wa majini wasio na uti wa mgongo, kwa muda mrefu, ni mikrogramu 0.01 kwa lita. Kwa hiyo hata asilimia moja sio mchezo. Angalia pia dawa inawekwaje, imidacloprid iliyomwagiwa kwenye shimo la mche wa tumbaku haisombwi sawa na iliyopigwa juu ya majani ya mahindi, na matuta yanayokinga mteremko sio sawa na yanayoshuka nao. Hivyo vyote vina sehemu yake kwenye programu.

Sasa samaki. Hapa nakuomba utulie kidogo. Imidacloprid samaki wanaivumilia mpaka viwango vya miligramu kwa lita, maelfu ya mara kuliko hesabu ya hapo juu, inayoumia ni wadudu wa majini na nyuki, na nyuki kwa mkoa wa asali kama wetu sio jambo dogo. Lambda-cyhalothrin ndo mbaya kwa samaki, chini ya mikrogramu 1 kwa lita inaweza kuua, ila inang'ang'ania tope, kwa hiyo inafika na udongo unaomomonyoka. Na kuna sababu ya tatu isiyo na dawa kabisa: mafuriko ya kwanza yanaleta kinyesi, majani na matope, hewa ya oksijeni kwenye maji inashuka, samaki wanakufa alfajiri. Modeli haiwezi kukutenganishia hayo matatu. Inayoweza ni sampuli.

Kwa hiyo hapo ndo mwisho wa kazi ya kompyuta na mwanzo wa kwenda kwa watu. Kama bado kuna samaki wanaelea au harufu ya dawa, mjulishe afisa afya na mtendaji leo, watu wasile hao samaki, wachote kwengine, na msitegemee kuchemsha, kuchemsha kunaua vijidudu, dawa haiondoi. Mtu akiwa na kizunguzungu, kutapika, jasho na mate mengi baada ya kupiga dawa au kunywa maji, apelekwe kituo cha afya na kopo la dawa liende naye, daktari anahitaji kusoma lebo. Sampuli ya maji ichukuliwe kwenye chupa ya kioo cheusi iliyo safi, ijazwe mpaka juu, ikae kwenye barafu, na ya tope ichukuliwe pia kwa ajili ya hiyo lambda. Kabla hujachota piga simu kwanza Mkemia Mkuu wa Serikali au TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, uulize wanataka ujazo gani na wanapokea siku gani, sampuli iliyokaa kwenye basi siku tatu bila barafu ni maji tu. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, iliyopo Kigoma, nayo uihusishe, Urambo iko kwenye bonde lao.

Kipima mvua cha AMCOS usikiache kikawa kimoja. Tafuta vingine viwili vya plastiki, kimoja shuleni kimoja juu kabisa ya mashamba, viwe mbali na mti au nyumba angalau mara mbili ya urefu wake, visomwe saa tatu asubuhi kila siku hata siku ambayo haikunyesha iandikwe sifuri, manake nafasi tupu kwenye daftari hakuna anayejua ni sifuri au karani alikwenda msibani. Pembeni ya hiyo namba waandike nani kapiga dawa gani jana. Msimu ukiisha Aprili nitumie hilo daftari likiwa na faili lako la PWC, tutazame pamoja.